Umeikabidhi Fanksheni Nini Hasa?

Hotuba kwa wanafunzi wa programu, mtaa wa Milimani, Kisumu. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Slaidi zimeachwa, na mifano iliyokuwa ubaoni imeingizwa ndani ya maneno.

Walimu wetu, wazazi mliowasindikiza watoto, na ninyi vijana wa Kondele, Nyalenda, Mamboleo, pamoja na mliodamka kupanda matatu kutoka Maseno na Ahero: hamjambo? Amosou.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: kupitisha vigeu na arei kwenye fanksheni, yaani kukabidhi kigeu (jina lenye thamani ndani yake) au arei (thamani nyingi zilizopangwa kwa mfuatano) kwa kipande cha programu kinachofanya kazi yake kila kinapoitwa. Vitabu vingi hulitengea kurasa chache, kisha mwandishi anakimbilia mambo yenye mvuto zaidi. Mimi naona linastahili asubuhi nzima. Wengi wenu mmeshakutana na swali la mtihani au la usaili wa kazi: lugha fulani hupitisha kwa thamani, yaani nakala, au kwa rejeleo, yaani mahali kitu kilipo? Mnajibu kwa kukariri, mnapata alama, mnarudi nyumbani. Wiki inayofuata programu inaharibika mikononi mwenu na jibu lile la kukariri halisaidii chochote.

Leo naomba muliweke kando swali hilo. Ulizeni hili: fanksheni ilipoitwa, kilichonakiliwa ni nini? Mtaona kwamba karibu kila mara kuna kitu kimenakiliwa. Ni kitu gani? Hapo ndipo lugha zinapoachana.

Tuanze na namba. Chukueni lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Una kigeu kinachoitwa bei, ndani yake mna 400. Unaandika fanksheni pandisha, inapokea b, inasema b = b + 50, imekwisha. Unaiita: pandisha(bei). Kisha unachapisha bei. Itatoka ngapi?

Nasikia 450. Nasikia 400 kule nyuma. Wa 450 nyoosheni mikono, msione haya. Mko wengi! Jibu ni 400. Fanksheni ilipoitwa ilitengewa sehemu yake ya kumbukumbu, na ile 400 ikanakiliwa humo kwa jina la b. b ikapanda hadi 450. Fanksheni ilipomaliza, sehemu ile ikaachiliwa, na 450 ikapotea nayo. Bei haikuguswa hata kidogo.

Sasa wale walioanza C mwezi huu niambieni: kwa nini scanf, fanksheni ya kusoma anachoingiza mtumiaji, inadai alama ya & mbele ya jina la kigeu cha namba, na printf, ya kuchapisha, haidai? Wangapi wamekariri tu kwamba ndivyo ilivyo? printf inataka kuisoma thamani, na nakala inaitosha kabisa. scanf inataka kuandika ndani ya kigeu chako. Ukiipa nakala, itaandika kwenye nakala, nawe utabaki mikono mitupu. Kwa hiyo unaipa anwani ya mahali kigeu kilipo. Na hata hapo, angalieni vizuri, C imenakili. Imenakili anwani.

Hebu niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 1957 kikundi cha John Backus katika kampuni ya IBM kilitoa Fortran, na mwaka uliofuata ikaja Fortran II, iliyomruhusu mtu kuandika sabrutini zake mwenyewe, yaani vipande vya programu vinavyoitwa kama fanksheni. Mashine yao, IBM 704, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 4,096 (neno hapa ni sehemu moja ya kumbukumbu), na iliyojazwa kabisa ilifika 32,768. Katika nafasi finyu namna hiyo, nani angenakili jedwali zima la namba kila sabrutini inapoitwa? Wakapitisha anwani.

Na hapo kikazuka kioja ambacho wazee wa kazi hii husimulia mpaka leo. Unaiita sabrutini ukiipa 4. Si kigeu; ni 4 yenyewe, umeiandika kwa mkono wako. Kompaila, programu inayotafsiri ulichoandika kuwa maagizo ya mashine, imeiweka ile 4 mahali pamoja kwenye kumbukumbu, na kila palipoandikwa 4 kwenye programu husomwa kutoka pale pale. Sabrutini inapokea anwani ya mahali pale na kuongeza moja. Kuanzia dakika hiyo, 4 ni 5. Unasoma programu yako mstari baada ya mstari, kila mstari ni sahihi, na jibu ni la uongo. Si kompaila zote za Fortran zilizofanya hivyo, lakini zilikuwapo zilizofanya. Fikirieni kuitafuta hitilafu hiyo usiku, huku mashine ikisubiriwa na wengine.

Niklaus Wirth, alipotoa Pascal mwaka 1970, alimlazimisha mwandishi aandike var mbele ya parameta (jina linalopokea kilichopitishwa) anayotaka ibadilishwe. Usipoandika var, unapata nakala. Mimi naupenda sana uamuzi ule. Msomaji anaangalia kichwa cha fanksheni tu na kujua nani ana ruhusa ya kugusa nini.

Haya, namba tuziache. Twende kwenye arei, maana vilio vingi ninavyoletewa vinatoka huko.

Kuna mama anayeuza samaki huko Dunga, kando ya ziwa. Kijana wa jirani alimwandikia programu ndogo ya Python. Kila jioni mama anaingiza bei aliyonunulia kilo ya ngege ufuoni, na Jumamosi programu inamwonyesha mambo mawili: bei ya katikati ya wiki, na jedwali la siku. Wiki moja bei zilikuwa hivi, kuanzia Jumatatu: 350, 400, 620, 380, 450, 500. Kijana alikuwa na fanksheni ya kutafuta bei ya katikati. Inaipanga orodha (ndivyo Python inavyoiita arei yake) kuanzia ndogo kwenda kubwa, inachukua mbili za katikati, 400 na 450, inatoa wastani wake. Ikatoa 425. Sahihi kabisa. Kisha fanksheni ya pili ikachapisha jedwali.

Mama akaliangalia jedwali. Akasema, "Mwanangu, Jumatano ziwa lilichafuka, boti hazikutoka, nikanunua kwa 620. Hii 400 umeitoa wapi?"

Kijana akakagua fanksheni ya bei ya katikati: haina kasoro. Akakagua fanksheni ya jedwali: haina kasoro. Mnaona ugumu wake? Kila fanksheni, ukiisoma peke yake, iko sawa. Kompyuta haikulalamika. Hakuna ujumbe mwekundu uliotokea. Ni mama tu aliyelikumbuka ziwa. Kama si yeye, kila wiki programu ile ingeonyesha bei zikipanda kutoka Jumatatu hadi Jumamosi, na pengine angekuja mtaalamu wa takwimu kutueleza kwa nini ngege hupanda bei kila mwisho wa wiki!

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya fanksheni ya kwanza kulikuwa na bei.sort(). Kijana aliamini amepokea nakala ya orodha, kama pandisha ilivyopokea nakala ya 400. Lakini sort iliipanga orodha yenyewe, ile moja iliyokuwapo, na fanksheni ya jedwali ilipofika ikakuta 350, 380, 400, 450, 500, 620. Ile 620 ya Jumatano ilikuwa imehamia Jumamosi.

Je, Python haikunakili kitu? Ilinakili. Hapa nitawaomba mfikirie ufunguo wa nyumba. Ukienda kwa fundi ukachongesha ufunguo wa pili, ukampa mgeni wako, ni kitu gani kimenakiliwa? Ufunguo. Na nyumba je? Nyumba ni ile ile moja. Mgeni akiingia akahamisha kochi, utakaporudi utalikuta limehama. Lakini mgeni akiuweka kando ufunguo ule, akachukua wa nyumba nyingine huko Mamboleo na kwenda kuhamisha makochi ya huko, kwako hakujatokea kitu.

Sasa shikeni hilo, kwa sababu linaeleza mistari miwili ambayo wanaoanza huichanganya kila siku. Ndani ya fanksheni, ukiandika bei[0] = 0, au bei.append(700), au bei.sort(), umeingia ndani ya nyumba. Aliyekuita ataona. Ukiandika bei = [0, 0, 0], umebadilisha ufunguo ulio mkononi mwako tu. Aliyekuita hataona lolote, orodha yake iko kama ilivyokuwa. Majina yanafanana, alama ya usawa inafanana, na matokeo ni mbalimbali kama Kisumu na Mombasa.

Barbara Liskov na wenzake huko MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walipounda lugha ya CLU katika miaka ya 1970, waliueleza mtindo huu kuwa ni kupitisha kwa kushirikiana: aliyeita na aliyeitwa wanashirikiana kitu kimoja. Liskov alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, kwa kazi zake nyingi katika lugha za programu na mifumo. Python, JavaScript na Ruby zinafuata njia hiyo. Java nayo, kwa arei na objekti zake (vifurushi vya data pamoja na fanksheni zake). Ndiyo maana mabishano ya Java hayaishi, mmoja akiapa kwamba inapitisha thamani, mwingine akiapa kwamba ni rejeleo. Waulizeni wote wawili kilichonakiliwa ni nini, watatulia.

Na namba za Python je? Zinapita kwa njia ile ile. Ila namba haibadiliki ndani yake; b = b + 50 hutengeneza namba mpya na kulihamishia jina b huko. Kwa hiyo mnaona matokeo kama ya C, kwa sababu tofauti.

Wenye PHP nawaona mnatabasamu. Ni kweli, arei ya PHP hupita kama nakala mpaka uweke & kwenye parameta. Lakini objekti zake, tangu PHP 5 ya mwaka 2004, hupita kwa ufunguo. Kwa hiyo mtu aliyezoea arei za PHP akihamia JavaScript, wiki ya kwanza atateseka. Go nayo hunakili arei nzima, ila slaisi zake (vipande vya arei) hushirikiana na arei iliyo chini yake. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Nirudi kwa C, kwa sababu kwenye arei C ina tabia ambayo ni lazima muijue. Una arei ya namba kumi, kila moja baiti 4. Jumla 40. Nje ya fanksheni, sizeof, inayopima ukubwa kwa baiti, itakwambia 40. Ipitishe arei ile kwenye fanksheni, uliza sizeof ya parameta: kwenye mashine za biti 64 itakwambia 8. Nane! Zile 32 zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Kilichoingia ni anwani ya kipengele cha kwanza, na anwani ni baiti 8. Hata ukiandika int bei[10] kwenye kichwa cha fanksheni, kompaila huisoma kama kielekezi, yaani kigeu kinachobeba anwani, na ile 10 inaipuuza. Ukijaribu kutafuta idadi ya vipengele kwa kugawanya 8 kwa 4, utapata 2, na kitanzi chako (mistari inayorudiwarudiwa) kitajumlisha bei mbili badala ya kumi. Urefu haukupita. Arei ya C haitembei na urefu wake. Ni wewe unayepaswa kuupitisha kando yake.

Mnadhani hayo ni ya mitihani tu? Sikilizeni. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, aliyekuwa akisomea shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia kwenye intaneti programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine, aina inayoitwa mnyoo. Njia moja iliyotumia kuingia ilikuwa programu ya fingerd, ambayo kazi yake ilikuwa kujibu maswali kuhusu watumiaji wa mashine. fingerd ilikuwa na arei ya baiti 512. Ikaikabidhi arei hiyo kwa fanksheni gets, iijaze kwa mstari unaotoka mtandaoni.

Nawauliza swali letu la leo. gets ilikabidhiwa nini? Anwani. Ilikabidhiwa urefu? Haikukabidhiwa. Haina hata parameta ya urefu! Kwa hiyo gets husoma mpaka mstari uishe, uwe na baiti kumi au elfu kumi. Mnyoo wa Morris ukatuma baiti 536. Zile 24 za ziada zikaandikwa juu ya kumbukumbu iliyofuata, pamoja na pale inapohifadhiwa anwani ya kurudia fanksheni ikimaliza. Mashine, badala ya kurudi ilikotoka, ikaruka kwenda kutekeleza maagizo yaliyoletwa na mnyoo. Hesabu iliyotajwa sana ni kompyuta 6,000 zilizoambukizwa, wakati ambapo intaneti nzima ilikadiriwa kuwa na 60,000. Morris alihukumiwa na mahakama ya Marekani. Na fgets, fanksheni inayodai urefu, ilikuwapo tayari miaka yote hiyo. gets yenyewe iliondolewa kwenye kiwango rasmi cha lugha ya C mwaka 2011. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi baada ya mkasa.

Sasa mtaniambia: mwalimu, basi tunakili kila kitu tuwe salama. La, msifanye hivyo. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa 3,000, kila nukta baiti 3, ikifunguliwa kwenye kumbukumbu ni baiti milioni 36. Ipitishe kwa nakala kwenye fanksheni inayoitwa mara 100, umenakili baiti bilioni 3.6 ili pengine usome nukta moja ya pembeni. Simu ya mteja itapata moto mfukoni. Akina Backus hawakuwa wajinga kupitisha anwani.

Ninachowaomba ni fanksheni ichague kazi moja na itangaze. Ama inabadilisha ilichopewa, na hairudishi kitu. Ama inaacha ilichopewa kama kilivyo na kurudisha kipya. Python imelifuata hili kwenye kupanga: bei.sort() hupanga orodha yenyewe na kurudisha None (yaani hakuna kitu), na sorted(bei) hukupa orodha mpya bila kuigusa ya zamani. Yule kijana wa Dunga alihitaji kubadilisha mstari mmoja tu. JavaScript kwa upande wake imetukosea, na sitaificha: sort yake huibadilisha arei, halafu inairudisha arei ile ile, kwa hiyo anayeanza anaona jibu limerudi na kudhani amepewa mpya. Marekebisho, yaani toSorted, yaliingia kwenye kiwango cha lugha mwaka 2023. Wenye C, andikeni const mbele ya kielekezi ambacho fanksheni inakisoma tu, ili kompaila ikemee mtu akijaribu kuandika humo. Na wachache wenu mnaoanza Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, mmeona kwamba ukitaka kuazimisha kitu kibadilishwe unaandika &mut kwenye kichwa cha fanksheni, na unaiandika tena pale unapoiita. Inachosha vidole. Mimi naona inafaa, kwa sababu anayesoma upande wa kuita haachwi akibahatisha.

Kuna dada hapa mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja sorted. Karibu, dada. Anauliza: nikiandika nakala = soko.copy() kabla ya kuipitisha kwenye fanksheni, je, sasa niko salama?

Swali zuri sana, na jibu ni: inategemea ndani ya soko mna nini. Kama mna namba, uko salama. Lakini tuseme soko ni orodha ya orodha tatu, za masoko ya Kibuye, Jubilee na Dunga, kila moja na bei zake sita za wiki. copy imekutengenezea orodha mpya ya nje, na ndani yake imenakili funguo tatu. Nyumba zile tatu hazikunakiliwa. Fanksheni ikiongeza soko la nne kwenye nakala, kwako halitaonekana. Ikibadilisha bei ya Jumatano ya Kibuye, kwako itaonekana. Python ina deepcopy inayoshuka mpaka chini na kunakili vyote, ila ni nzito, na mara nyingi hutaihitaji kama umeandika fanksheni zako vizuri.

Kwa kuwa ameuliza, tufanye zoezi hili sasa hivi, kabla hatujatoka. Wenye mashine fungueni, msio na mashine sogeeni kwa jirani. Andikeni soko = [[0] * 6] * 3, kisha soko[0][2] = 620, halafu chapisheni soko. Mlibadilisha Jumatano ya Kibuye peke yake, lakini mtaona Jubilee na Dunga nazo zimepanda. Nataka kila meza inieleze ni kitu gani kilinakiliwa mara tatu, kisha iuandike upya mstari ule wa kwanza bila kutumia deepcopy. Meza ya dirishani ndiyo itakayoanza.